Ukishaskani, Karatasi Zinaenda Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kumbukumbu za Shule Mwanza

Siku hizi kila shule ninayofika, kuanzia Buhongwa mpaka Nansio, nakuta mtu mwenye skana au simu yenye kamera nzuri, na ana hamu ya kuondoa mabunda ya karatasi yaliyojaa stoo. Namwelewa. Chumba chenye rejista za tangu miaka ya sabini kingeweza kuwa darasa, na madarasa hayatoshi. Lakini katika kazi hii ya masijala nimeona karatasi zikichomwa leo na kutafutwa kwa machozi mwaka unaofuata. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na walimu wakuu, makarani, wazazi na wajumbe wa kamati za shule.

Tumeshaskani majalada yote. Sasa tunaweza kuchoma karatasi?

Bado. Kuskani hakukupi ruhusa ya kuchoma. Ukiskani umetengeneza nakala, basi. Ukichoma umeondoa kumbukumbu ya umma, na hilo linasimamiwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002. Kumbukumbu ya ofisi ya umma haiteketezwi mpaka Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyo chini ya Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, iwe imeridhia. Mwalimu mkuu hana mamlaka hayo, Afisa Elimu Kata hana, na hata Mkurugenzi wa Halmashauri hajipi ruhusa mwenyewe. Yeye ndiye anayeiomba.

Shule ya serikali iko chini ya halmashauri, kwa hiyo rejista iliyo kabatini kwako si mali yako wala ya kamati ya shule. Umekabidhiwa uitunze. Ukihama kituo utaikabidhi kwa mwenzako, na yeye ataikabidhi kwa mwingine.

Kwani nakala ya kielektroniki haitambuliwi na sheria?

Inatambuliwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema wazi kwamba taarifa haikataliwi kwa sababu tu iko katika umbo la kielektroniki, na mahakama zetu zinapokea ushahidi wa namna hiyo. Baadaye ikaja Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na ofisi nyingi za umma sasa zinaandikiana barua ndani ya mfumo wa e-Ofisi bila karatasi hata moja.

Ila mahakama haiulizi tu kama unayo nakala. Inauliza ilitengenezwaje, ilitunzwaje, nani angeweza kuigusa, na utathibitishaje kwamba haikubadilishwa. Picha aliyopiga mwalimu wa zamu kwa simu yake, ikapita kwenye kundi la WhatsApp la walimu, kisha ikahifadhiwa kwenye flashi isiyo na mwenyewe, itakuwa na kazi ngumu mbele ya maswali hayo. Dawa yake ni daftari la kuskani. Kila siku andika tarehe, nani ameskani, kwa mashine gani, jalada gani, kurasa ngapi, na nani mwingine amehakiki. Daftari la shilingi elfu mbili linaweza kuokoa kazi ya mwezi mzima.

Kumbukumbu gani za shule hazichomwi hata zikiskaniwa mara kumi?

Naanza na rejista ya uandikishaji, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Ifungue utazame. Namba ya uandikishaji, jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi au mlezi, kijiji, tarehe aliyoanza, tarehe aliyoondoka na sababu. Kwa mwalimu anayeingia leo ni majina ya watu wazima asiowajua. Kwa aliyeandikwa mle, mara nyingi ndiyo karatasi ya kwanza ya serikali iliyowahi kuandika jina lake.

Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililopitishwa huku huku ukingoni mwa ziwa, ndilo lililosukuma Elimu kwa Wote, na kufikia mwaka 1977 watoto walikuwa wakiandikishwa kwa wingi ambao shule zetu hazikuwahi kuuona. Wengi wao walizaliwa nyumbani na hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Watoto hao leo ni wazee. Wanapotaka kusajiliwa kwa kuchelewa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, wanaulizwa vielelezo, na cheti cha kumaliza elimu ya msingi ni kimojawapo. Cheti kikiwa kimeungua au kimeliwa na mchwa, mtu anarudi shuleni kwake. Nimewahi kukaa na mzee mmoja kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, kofia mkononi, wakati ndani wanapekua rejista. Jina lake la kitambulisho na jina la shuleni yalipishana herufi mbili. Alipoonyeshwa mstari wake, ukiwa umeandikwa kwa wino wa bluu uliofifia, aliweka kidole juu ya jina la baba yake na hakusema kitu kwa muda.

Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ulipokamilika, taarifa aliyokabidhiwa Rais Magufuli kule Dodoma ilitaja watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Hiyo ndiyo hesabu watu wanayoikumbuka. Mimi nakumbuka pia watumishi wenye vyeti halali ambao majina yao yalikuwa yamepishana, wakazunguka kutafuta shule iseme kweli kuhusu wao.

Baada ya rejista kuna hati za ardhi, ambazo nimezipa swali lake hapa chini. Kuna logi buku, kitabu cha matukio ya shule, ambamo utakuta mwaka jengo lilipoezuliwa na upepo, siku mkaguzi alipofika na nani aliyekabidhi ofisi kwa nani. Kuna mihtasari ya kamati ya shule. Kuna orodha za wahitimu na kumbukumbu za kutoa vyeti, zile zenye saini ya aliyepokea. Shule zilizokuwa za misheni kabla ya serikali kuzichukua mwishoni mwa miaka ya sitini mara nyingine zina daftari za zamani zaidi, na hizo ni historia ya taifa. Mahali pake ni hifadhi ya Nyaraka za Taifa, na sheria ya 2002 imeweka miaka 30 kuwa kipimo cha kumbukumbu zenye thamani ya kudumu kuhamishiwa huko na kufunguliwa kwa wananchi. Ukizikuta, toa taarifa, usizisogeze hata kwenye chumba kingine bila kuandika.

Na hati za kiwanja cha shule?

Hizi zitunzwe kama roho. Shule nyingi za vijijini Magu, Misungwi, Kwimba na Sengerema zilipata ardhi kwa mkutano wa kijiji. Wanakijiji walikaa chini ya mti, wakakubaliana kutoa eneo, mtendaji akaandika muhtasari kwa mkono, watu wakatia saini, na asiyejua kuandika akaweka dole gumba. Hapakuwa na ramani iliyopimwa. Mpaka ulikuwa mkuyu, jiwe kubwa, korongo.

Miaka arobaini baadaye mji umesogea, ardhi imepanda bei, na mtu anajenga ukuta ndani ya uwanja wa mpira wa shule. Mnapofika kwenye baraza la ardhi, kitu cha kwanza mnachoulizwa ni ule muhtasari. Sheria ya Ushahidi inapendelea nyaraka yenyewe, na nakala huingia pale tu maelezo ya kuridhisha yanapotolewa kwa nini ile ya asili haipo. "Tuliichoma baada ya kuskani" ni maelezo yatakayomfurahisha wakili wa mvamizi. Iskani, ndiyo, tena kwa rangi na pande zote mbili. Kisha asili yake iwekwe kwenye bahasha ngumu, nakala moja iliyothibitishwa iende kwa Mkurugenzi, na nyingine kwa mtendaji wa kijiji au mtaa.

Basi ni zipi zinazoweza kuondoka?

Nyingi tu, na ndizo zinazojaza stoo. Nakala za ziada za nyaraka za serikali ambazo asili yake iko halmashauri. Mitihani ya ndani ya mwezi na ya muhula ambayo alama zake zimeshaingizwa kwenye rekodi ya maendeleo ya mwanafunzi. Rasimu za barua. Fomu tupu za mifumo iliyokwisha kufa. Matangazo, ratiba za zamani, vitabu vya wageni vilivyojaa muda mrefu. Rejista za mahudhurio nazo zina mwisho wake, tofauti na zile za uandikishaji. Usizichanganye kwa sababu zinafanana jalada.

Muda wa kila aina unasomwa kwenye jedwali la utunzaji na uteketezaji linaloidhinishwa na Idara. Omba nakala yake kwa Afisa Kumbukumbu wa halmashauri. Na hata muda ukishapita, kuna mambo yanayosimamisha kila kitu: kesi mahakamani, uchunguzi wa TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa), hoja ya ukaguzi ambayo haijafungwa, au mtu aliyekwisha kuomba taarifa na hajajibiwa. Kitabu cha adhabu ya viboko kinaangukia hapa mara nyingi. Kanuni zinataka kila adhabu iandikwe na kusainiwa na mkuu wa shule, kwa hiyo ukikiondoa kabla ya wakati umejiondolea utetezi wako mwenyewe.

Hati za malipo na stakabadhi je?

Usiziguse mpaka wakaguzi, wa ndani na wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wamepita na hoja zimefungwa kwa maandishi. Kisha rudi kwenye jedwali.

Kuna hili la risiti za EFD, zile za mashine za kodi, ambalo watu hulisahau. Zile risiti huchapwa kwa joto, hazina wino. Ukizibana kwenye hati ya malipo na kuziweka kwenye kabati la bati linalopigwa na jua la mchana, zinafifia mpaka zinakuwa karatasi nyeupe. Nimefungua hati za ruzuku ya shule ambazo fundi, saruji na mabati vyote vimeandikwa kwenye hati, lakini risiti iliyopinwa nyuma haina hata herufi. Mwalimu hakuiba chochote na bado hana cha kuonyesha. Risiti ya EFD iskani au itoe fotokopi siku ile ile unayoipata. Hapa ndipo nakala inaishi muda mrefu kuliko asili, na hilo hutokea mara chache.

Tunataka kufanya kwa utaratibu. Tuanzie wapi?

Anza na orodha. Kaa na mwenzako, toeni kila kitu stoo, andikeni aina ya kumbukumbu, miaka, idadi ya majalada au maboksi, na hali yake. Hii ndiyo kazi kubwa na haina njia ya mkato. Shule yenye umri wa miaka hamsini itakula siku tatu au nne.

Kisha Afisa Kumbukumbu wa halmashauri alinganishe orodha na jedwali na kutenga zinazobaki, zinazohamia kwenye hifadhi na zinazopendekezwa kuteketezwa. Mkurugenzi anaandika barua kwa Idara akiambatisha orodha hiyo. Wataalamu wa Idara wanaweza kuja kukagua kwa macho, na hapo ndipo vitu hutolewa kwenye rundo la kuchomwa na kurudishwa kabatini. Msione vibaya likitokea. Ruhusa ikija kwa maandishi ndipo mnateketeza, mbele ya mashahidi, na mnajaza hati ya uteketezaji: kumbukumbu zipi, za miaka gani, kiasi gani, kwa barua ya ruhusa yenye kumbukumbu namba ipi, kwa njia gani, tarehe gani, nani walishuhudia. Hati hiyo na orodha yake hazichomwi kamwe. Siku mtu atakapouliza "iko wapi?", jibu lenu ni hiyo karatasi.

Mwalimu, najua unavyofikiri: barua itachukua muda. Itachukua. Weka maboksi juu ya mbao, mbali na ukuta, yasubiri.

Mnasema kuteketeza. Si tukiwauzia wanaofunga maandazi tunapata na hela ya chaki?

Hapana, na hili nalisema kwa uchungu. Jioni moja Kirumba nilinunua karanga za kukaanga. Kifuko kilikuwa cha karatasi iliyopigwa mistari. Nilipomaliza karanga nikakikunjua, nikakuta ni ukurasa wa kumbukumbu za darasa la tano: majina kamili ya watoto, na pembeni, kwa mwandiko safi wa mwalimu, sababu za kutokuwepo shuleni. Mmoja aliandikiwa "anauguza." Mwingine, "mama amefariki." Huyo mtoto leo ni mtu mzima anayepita mitaa ile ile, na msiba wa nyumbani kwao ulikuwa unauzwa shilingi mia na chumvi juu yake. Shule niliitambua kwa muhuri. Nilikwenda kuongea nao, na kilichobaki kwenye lile bunda kilirudishwa.

Tunachomaje basi?

Watu wengi hudhani wamechoma kumbe wamebabua. Bunda lililofungwa kamba huungua pembeni tu. Katikati hewa haifiki, na kesho yake watoto wanafukua kurasa zinazosomeka vizuri kabisa. Fungua mabunda. Toa majalada ya plastiki na vibanio. Chimba shimo, choma kidogo kidogo, geuza kwa fimbo mpaka yabaki majivu, mwagia maji, fukia. Fanyeni asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma, maana ukianza utabeba karatasi zilizoungua nusu mpaka kwenye mashamba ya jirani. Mashahidi wasiondoke kwenda kunywa chai.

Kama halmashauri ina mashine ya kukata karatasi, tumieni ile inayokata vipande vidogo, maana ile ya kukata mistari mirefu humwachia mtu mvumilivu nafasi ya kuiunganisha. Kuloweka na kuponda mpaka iwe uji nako kunafaa, hasa mahali ambapo moto ni hatari.

Na nakala za kompyuta? Kufuta faili na kulitoa kwenye pipa la taka hakuliondoi kwenye diski. Mwombe Afisa TEHAMA afute kwa programu ya kufutia au aivunje diski yenyewe. Kompyuta ya shule isiuzwe kwa fundi ikiwa na diski yake ndani.

Tuskani vipi ili nakala iwe na maana?

Nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa nyaraka nyingi. Hifadhi kwa PDF/A, aina ya PDF iliyotengenezwa kwa ajili ya utunzaji wa muda mrefu. Simu inafaa kwa dharura, sehemu kama Ukara ambako skana haifiki, mradi karatasi imelala sawa na kivuli chako hakijaifunika.

Rangi ndiyo kosa ninalokutana nalo zaidi. Kuna rejista moja iliyoskaniwa kwa nyeusi na nyeupe ili faili liwe dogo. Kwenye kitabu chenyewe, wanafunzi waliohama walikuwa wamekatwa kwa kalamu nyekundu, waliofariki kwa penseli, na muhuri wa zambarau uko chini ya kila ukurasa. Kwenye nakala, mstari mwekundu ulikuwa mweusi sawa na maandishi, penseli imepotea yote, na muhuri ni doa. Ukitazama nakala ile huwezi kujua mtoto alihama, alifariki au aliandikwa kimakosa. Ilibidi wairudie yote, kurasa mia mbili na ushee. Bahati yao kitabu kilikuwa bado kipo.

Angalia pia mkunjo wa katikati, kule kwenye mshono, ambako namba za uandikishaji hupenda kujificha. Skani pande zote hata upande usio na kitu. Andika jina la faili linaloeleweka, yaani shule, aina, miaka, ukurasa, kwa mpangilio ule ule siku zote. Mtu mwingine ahakiki ukurasa kwa ukurasa. Asiwe yule aliyeskani, kwa sababu jicho lililochoka halioni kosa lake.

Nakala tuziweke wapi?

Mahali zaidi ya pamoja, na moja iwe mbali na shule. Nakala kwenye kompyuta ya shule na nyingine kwenye flashi iliyo kwenye droo ya meza ile ile ni nakala moja mbele ya mwizi au moto. Nzuri ni moja shuleni, moja halmashauri, na moja kwenye hifadhi ya serikali ambayo Afisa TEHAMA atakuelekeza. Barua pepe binafsi ya mwalimu siyo mahali pake. Na diski zifunguliwe kila mwaka kuona kama bado zinasoma. Waliohifadhi kwenye disketi miaka ya tisini wanajua ninachosema: hata ukiipata leo, hupati mashine ya kuisoma.

Mwalimu mstaafu anatafuta barua yake ya ajira ya kwanza. Alifundisha Geita. Tunaanzia wapi?

Hili ni la kwetu Kanda ya Ziwa zaidi. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012, na kabla ya hapo Wilaya ya Geita ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mwanza. Busega ilikatwa kutoka Magu ikaenda Simiyu. Ilemela na Jiji la Mwanza zikawa halmashauri mbili. Buchosa ikatoka Sengerema. Kila mgawanyo ulihamisha watu na madawati haraka kuliko ulivyohamisha majalada. Kwa hiyo mwalimu wa miaka ya themanini anaweza kuwa na jalada lililobaki kwenye masijala ya halmashauri mama, wakati yeye anazungushwa kwenye halmashauri mpya.

Tafuteni pande zote mbili, kisha ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu ya wilaya. Mafao ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, yanasubiri barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na za kupandishwa daraja, na mtu hawezi kuambiwa ale nini wakati karatasi inatafutwa. Ndiyo maana jalada binafsi la mtumishi haliingii kwenye rundo la "zamani" eti kwa sababu mwenyewe amestaafu au hata amefariki. Wapo wajane na yatima wanaolihitaji.

Rafiki wa shule yetu aliyeko Marekani anasema kwao wakishaskani wanatupa karatasi. Kwa nini sisi tusifanye hivyo?

Kwao nako kuna masharti, pengine hakuyaeleza. Kule wilaya ya shule ni chombo cha serikali chenye bodi yake, na kila jimbo lina majedwali yake ya muda wa kutunza. Jimbo la Washington, kwa mfano, kupitia ofisi yake ya nyaraka, linaruhusu karatasi kuteketezwa baada ya kuskaniwa ikiwa masharti ya ubora, uhakiki na utunzaji wa nakala yametimizwa, na nakala inatunzwa kwa muda wote ambao karatasi ingetunzwa. Lakini kumbukumbu zenye thamani ya kihistoria haziingii kwenye ruhusa hiyo. Karatasi yake haitupwi. Juu ya hapo kuna sheria ya taifa lao ya mwaka 1974, FERPA, inayolinda taarifa za elimu za mwanafunzi, na inakataza kuharibu rekodi ambayo mzazi ameshaomba kuiona.

Kwa maneno mengine, wametoa ruhusa ya jumla kwa anayetimiza masharti. Ya kwetu unaiomba kwa orodha. Busara ni ile ile.

Mzazi anaruhusiwa kuomba taarifa za mtoto wake? Na walimu kutumiana picha za rejista kwenye WhatsApp?

Mzazi anaruhusiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mhusika haki ya kujua taarifa zake na kusahihishiwa zikiwa na kosa, na Tume yake inapokea malalamiko. Sheria hiyo hiyo inataka taarifa zitumike kwa kazi zilizokusanyiwa na zilindwe. Picha ya rejista yenye majina, tarehe za kuzaliwa na simu za wazazi kwenye kundi la watu themanini haijalindwa. Taarifa za afya, za elimu maalumu na za unasihi zitengwe kwenye jalada la siri hata wakati wa kuskani, na aziskani mtu mmoja anayefahamika.

Mwanafunzi aliyeacha shule, tuondoe jalada lake?

Lisiondolewe. Tangu Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, wana njia ya kurudi. Binti anayerudi na mtoto mgongoni asikute tumemfuta.

Shule yetu ni binafsi. Yanatuhusu?

Sheria ya 2002 inahusu hasa kumbukumbu za umma. Ulinzi wa taarifa binafsi unawahusu moja kwa moja, na vitabu vya hesabu kwa ajili ya Mamlaka ya Mapato (TRA) vinatunzwa angalau miaka 5. Rejista ya uandikishaji ichukulieni kama sisi. Shule ikifungwa, kabidhini kumbukumbu za wanafunzi kwa ofisi ya elimu ya wilaya, wahitimu wenu wapate pa kwenda.

Majalada yamelowa. Tuyatupe?

Ziwa lilipopanda mwaka 2020 maji yaliingia kwenye majengo mengi ya ukingoni, na swali hili likawa la kila siku. Karatasi iliyolowa inaokoleka kama utaiwahi, kwani ukungu huanza ndani ya siku mbili hivi. Usianike juani, itajikunja na kushikana. Tandaza kivulini penye upepo, weka karatasi kavu kati ya kurasa na uzibadilishe. Zilizogandamana usizibandue kwa nguvu. Vaa barakoa. Zilizooza kabisa nazo huandikwa kwenye orodha na kuombewa ruhusa kama nyingine.

Aliyenitangulia alishachoma kila kitu. Nifanye nini?

Andika. Leo, kwenye logi buku: umekuta nini, hukukuta nini, nani amekueleza kilichotokea. Mpelekee Mkurugenzi nakala ya maelezo hayo kupitia kwa Afisa Elimu. Halafu anza kukusanya upya. Baraza la Mitihani lina kumbukumbu za watahiniwa. Ofisi ya elimu ya wilaya huenda ina takwimu na orodha zilizotumwa kila mwaka. Parokia na misikiti zina madaftari yake. Kwa wanafunzi wa sasa kuna namba zao za utambulisho za mfumo wa PREM. Na wapo wahitimu wenyewe: tangazeni kwenye mkutano wa kijiji kwamba mwenye cheti cha shule hii akilete kiskaniwe na kurudishiwa hapo hapo. Shule moja kisiwani ilifanya hivyo siku ya gulio. Kufikia jioni walikuwa na vyeti sitini na vitatu, kimoja kimefungwa kwenye khanga, na bibi aliyekileta hakukiachia mkononi hata kilipokuwa juu ya kioo cha skana.